Jani Nililolikana Bangkok

Mwanangu Somoe,

Barua hii haina stempu wala haina safari. Kutoka hapa nilipokaa mpaka kitandani pako ni hatua sita, na nitakuja kuiweka mwenyewe kabla hujarudi kutoka Mikindani ulikokwenda kumuaga shangazi yako. Isome leo. Kesho asubuhi itakuwa imechelewa, na mbele huko utaona kwa nini.

Najua utacheka. Utasema, huyu mama, tunalala nyumba moja, tunakula sinia moja, halafu ananiandikia barua kama Mkuu wa Wilaya. Lakini mimi na wewe tukianza kuzungumza hatufiki popote. Nikisema neno moja, wewe una mawili. Nikikasirika, unacheka. Ukicheka, na mimi nacheka, na lile nililotaka kusema linatorokea uani. Karatasi haicheki. Tena uniwie radhi kwa mwandiko. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Nilijifunza kusoma kwenye makopo ya maziwa na magazeti yaliyofungiwa sukari, kwa hiyo ukikuta nukta pasipo pake ujue kopo nililojifunzia lilikuwa na kutu.

Sitakuambia ufunge sanduku lako kwa kufuli, wala usiazimane khanga na wasichana usiowajua. Hayo umekwisha kujazwa mpaka yanamwagika. Nataka kukuambia habari ya Bangkok.

"Tena?" Nakusikia. Ndiyo, tena. Unaijua kuliko mimi. Mama alikwenda na Wazungu, akaketi kwenye mgahawa uliosifiwa nchi nzima, akaletewa majani ya mkorosho, akayala mbele ya mabwana bila haya, na bibi mpishi akamkumbatia mpaka wote wawili wakalia. Ulipokuwa mdogo uliidai hadithi hiyo kama wenzako walivyodai ya sungura. Na walipokuja wale wakubwa kuchagua wanafunzi wa chuo cha mapishi cha Dar es Salaam, wakakuuliza kwa nini unataka kupika, uliwasimulia hiyo hiyo. Ulirudi nyumbani unang'aa. Mimi nilikwenda uani kuchambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

Kwa sababu si kweli, Somoe. Nusu yake ni kweli. Ile nusu nzuri nimeipika mwenyewe.

Safari ilikuwa kweli. Bwana Hendrik alikuwa mhandisi wa mitambo pale bandarini Mtwara, na mimi nilikuwa yaya wa wanawe wawili, kwenye nyumba yao ya Shangani. Alipomaliza mkataba wake alipewa kazi ya miezi mitano Bangkok kabla ya kurudi kwao, na mkewe, Bibi Greta, akasema watoto hawatapata usingizi bila mimi. Nikakuacha kwa bibi yako, kijijini Mahurunga. Ulikuwa na miaka minane na pengo la meno ya mbele. Baba yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nilisema nakwenda kwa ajili yako, na ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Nilitaka kuona. Hilo sikumwambia mtu, maana mjane akisema anakwenda kutafuta riziki watu humhurumia, lakini akisema anakwenda kuitazama dunia humtafutia mganga.

Niliporudi uliniamkia ukiwa umejificha nyuma ya bibi yako, "Shikamoo," kama unavyomwamkia karani wa korosho. Hilo linaniuma mpaka leo na sitaki lisiniume. Lakini kwenda sijutii. Nimeulizwa sana, na wanaume kwa wanawake, kama sijutii, na nimeona kwamba wanaouliza hivyo hawajawahi hata kuvuka Ruvuma.

Basi tulipokuwa tumebakiza siku kama kumi na mbili kuondoka Bangkok, mwenyeji wetu mmoja, Bwana Prasit, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Bwana Hendrik, alitualika chakula cha mchana. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Mgahawa wenyewe ulikuwa nyumba ya mbao juu ya mfereji, hauna hata kibao mlangoni. Lakini mawaziri walikuwa wakivua viatu pale, magazeti yalikuwa yameuandika, na nafasi uliiomba wiki mbili kabla. Bwana Prasit aliuchagua kwa makusudi. Alikuwa amesikia kwamba nguruwe simgusi, na mwenye mgahawa alikuwa bibi wa Kiislamu kutoka kusini kabisa ya nchi ile, pwani kama ya kwetu.

"Leo," akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu ili nimwelewe, "utakula bila kuuliza."

Kisa cha kiti ni cha kweli, kiache kama ulivyokisikia. Mlangoni palikuwa na mwanamke aliyetuhesabu kwa kidole, na kidole kilipofika kwangu kikageukia barazani, kwenye benchi walipokaa madereva na mayaya. Bibi Greta akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, kitu ambacho hakikuwamo. Nikambeba yule mtoto mdogo, nikaingia naye, nikakaa. Nikasema, "Huyu hali bila mimi." Uongo mtupu. Mtoto yule alikuwa anakula hata sabuni. Lakini hakuna aliyeninyanyua.

Sasa sikiliza.

Chakula kikaja, na kikawekwa chote katikati ya meza. Samaki mzima amelala juu ya mvuke. Supu inanukia mchaichai, nikashangaa, kwetu mchaichai huingia kwenye chai, kule umeingia kwenye supu ya kamba wa baharini. Mchuzi wa manjano wa tui zito, tui la kukunwa si la mchezo. Kila mtu akawekewa wali wake mbele. Nami nikafanya kama nilivyolelewa. Wewe unajua sinia letu lilivyo: unakula mbele yako, na kitoweo cha katikati hukigusi mpaka mkubwa akigawe. Mtoto anayenyoosha mkono katikati hurudi nao umevimba. Basi nikala wali mtupu, nikasubiri. Nilimtazama Bwana Prasit, mkubwa wa meza ni yeye. Hagawi. Nikamtazama Bwana Hendrik, hagawi. Wenzangu wanachota, wanachota, samaki amebaki mifupa upande mmoja, mimi nasubiri mgao. Nikasema moyoni, kumbe kiti wamenipa, kitoweo wameninyima.

Haikunijia hata kidogo kwamba kule kila mtu hujichotea. Bwana Prasit naye akawa anaona aibu kuniuliza. Aliyeniona alikuwa mpishi mwenyewe, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mtandio wake kichwani, anahesabu sahani zinazorudi zimeliwa na zisizoliwa. Akaona mwanamke mmoja, mweusi, kichwa amefunga kama yeye, anakula wali mweupe. Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ungo mdogo.

Akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Akawapita mabwana wote. Kwenye ungo palikuwa na bakuli la pilipili iliyotwangwa na uduvi na ndimu, na pembeni majani mabichi, machanga, mekundu kidogo kama yaliyopata haya. Nikayajua kabla sijayashika. Ile harufu, utomvu ule unaokwaruza koo. Mkorosho. Mbali kote kule, Somoe, mtu ananiletea chipukizi za mkorosho juu ya ungo kama zawadi ya harusi.

Bwana Prasit akafasiri: "Anasema kwao watu wa pwani huanza na haya. Anasema labda tumbo lako limechoka na vyakula vya mjini."

Na Bwana Hendrik, ambaye alikaa Mtwara miaka mitatu akiona magunia ya korosho kila siku ya Mungu, akauliza, "Hii si korosho? Kwenu mnakula majani yake?"

Ngoja nikuambie jambo ambalo hulijui. Mwaka mmoja mto ulipanda mashambani Mahurunga ukalala na mihogo yote. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi. Makopa ya muhogo yaliyobaki darini bibi yako alikuwa akinipikia mimi na wadogo zangu, na yeye akitoka jioni kwenda kwenye mikorosho. Tulidhani anakwenda kuomba dua. Siku moja nikamfuata. Alikuwa amesimama chini ya mti anatafuna chipukizi na chumvi, upesi upesi, kama mwizi. Aliponiona akacheka, akanipa na mimi moja. "Mboga ya wakubwa," akasema.

Kwa hiyo jibu nililijua. Jibu lilikuwa neno moja. Na meza nzima ilikuwa inanitazama, Bibi Greta ameshika jani moja mkononi, hajui alipeleke mdomoni au alirudishe. Nikaona nikisema ndiyo, nitakuwa mla majani. Nitarudishwa kwenye benchi bila mtu kuninyanyua. Nikasema:

"Hapana, Bwana. Kwetu hayo wanakula mbuzi."

Wakacheka. Bwana Hendrik alicheka mpaka akafuta machozi. Bibi Greta akalirudisha jani lake kwenye ungo, taratibu, kwa ncha za vidole. Na mimi nikacheka nao, ndiyo, nikacheka. Ile ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kuwachekesha wote kwa pamoja, na kwa dakika moja niliona raha.

Yule bibi akamuuliza Bwana Prasit nimesema nini. Bwana Prasit akasitasita. Yule bibi akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Akaambiwa. Hakukasirika. Aliuchukua ungo wake, akanitazama usoni muda mrefu, akasema maneno machache, akaondoka.

"Amesema nini?" nikauliza.

Bwana Prasit alikuwa anakunja kitambaa chake cha mkono. "Amesema," akanijibu, "basi na yeye amelelewa na mbuzi."

Hakukumbatia mtu. Hakulia mtu. Tulikula embe na wali wa tui, tukaenda zetu.

Utaniuliza kwa nini sikurudi kumwomba radhi. Nilikuwa na siku kumi na moja. Njia niliijua. Kila asubuhi nilisema nitakwenda nikiwalaza watoto mchana, na kila mchana nilikuta soksi za kushona. Kuna soksi moja niliishona mara tatu. Kumkana mtu ni kazi ya pumzi moja. Kwenda kumwambia "nilikukana" kunataka miguu, na yangu haikutoka nje ya geti.

Na kosa kubwa si lile la mezani. Lile lilikuwa la woga, na woga ni kama homa, humpata yeyote. Kosa kubwa nililifanya Mahurunga, niliporudi. Wanawake walikuwa wamekaa wanabangua korosho, mikono imewaungua kwa yale mafuta ya maganda, wananiuliza ulikula nini huko, ulikaa na nani. Nikasimulia. Kiti, wakapiga vigelegele. Samaki aliyeliwa nisimguse, wakanisikitikia. Nikafika kwenye jani. Nikainua macho, na mama yangu alikuwa amesimamisha nyundo hewani, ananisubiri. Nikasema: "Nikalila." Halafu nikaona haitoshi, nikaongeza yule bibi kunikumbatia. Halafu machozi.

Mama yangu alicheka kama alivyocheka siku ile chini ya mti. Alikufa akiamini kwamba mboga yake ya wizi ililiwa na binti yake mbele ya mawaziri.

Uongo wa namna hiyo haukuachi, mwanangu. Ni mgeni asiyejua kuaga. Unamtandikia, unampikia, na kila ukiisimulia hadithi anaomba kitoweo kipya. Mwisho niliona umejenga maisha yako juu yake, na nikazidi kunyamaza, kwa sababu niliogopa nikiuvuta huo uongo, na hamu yako ya kupika itakuja pamoja nao. Leo nauvuta. Kama hamu yako ilikuwa yangu ya kuazima, afadhali ujue kabla meli haijang'oa nanga. Lakini nimekuona jikoni. Nilikuona ulipowapikia ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, wale walimu wageni, ukaichemsha na chumvi tu, ukasimama mlangoni kuwatazama wanavyokula. Hiyo hukuiazima kwangu. Mimi sikusimama.

Sasa nakuja kwenye jambo la kesho.

Juzi ba'mkubwa wako alikaa hapa sebuleni akasema atakuja asubuhi kukusomea dua mbele ya majirani wote, kama inavyompasa yeye kaka wa marehemu baba yako, kwa sharti moja: tuseme unakwenda kusomea uhazili. Binti wa ukoo wake kwenda kupikia watu wa hotelini, akasema, ni kumpaka masizi. Atakapoomba dua, atataja uhazili. Wewe ukaulizwa kama umesikia, ukanitazama, mimi nikatazama mkeka. Ukasema, "Sawa, ba'mkubwa."

Nimeisikia hiyo "sawa" siku mbili nzima. Naijua sauti yake. Ni yangu.

Tena fikiria, wewe mwenye akili. Ukirudi likizo watakuletea barua za msikiti uzipige chapa. Watakuletea malalamiko ya mipaka ya mashamba. Utaanza kusema mashine imeharibika, halafu mkono unauma, halafu macho. Utamaliza miaka miwili unasomea mapishi Dar es Salaam na uongo Mtwara, na cheti utapata cha kimoja tu.

Basi leo baada ya adhuhuri nilijifunga khanga nikaenda kwake. Alikuwa barazani, mkewe Bi Zuhura anapembua choroko kando. Nikamwambia, "Shemeji, lile la uhazili mimi sitalisema."

Akaweka kikombe chini. "Lipi utasema?"

"Kwamba anakwenda kujifunza kupika."

"Kupika nani hajui, Mama Somoe? Hata paka anajua jikoni kulipo."

"Paka anajua kula, shemeji. Kama wengi wetu."

Bi Zuhura akafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mzee akamtupia jicho, akanigeukia. "Ni wewe uliyemharibu. Wewe na Bangkok yako. Mwanamke hutoka kwake akala na makafiri, akarudi anajisifu."

Hapo, Somoe, nilikuwa na njia mbili. Nilichagua ile niliyoikosa siku zote. "Sina la kujisifu," nikamwambia. "Nilimkana mama yangu kule, mezani, kwa ajili ya kuchekesha watu. Mwanangu simwachi afanye hivyo kwa ajili ya kukufurahisha wewe."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ameguswa. Kumbe alikuwa anatafuta kofia. Akaivaa, akasimama, akasema, "Basi kesho msinitafute."

"Hatutakutafuta, shemeji. Njia unaijua."

Bi Zuhura alinisindikiza mpaka kwenye michongoma. Hakusema kitu cha maana, alilalamikia bei ya choroko. Lakini alinishika mkono kwa nguvu, na hakuuachia haraka.

Kwa hiyo kesho ba'mkubwa wako haji. Najua unampenda, na najua utasema sikuwa na haki ya kwenda bila kukuuliza. Huenda sikuwa nayo. Liongeze hilo kwenye makosa yangu, nafasi bado ipo. Uliitikia uongo kwa sababu mimi nilinyamaza, na ukimya wangu nimekwenda kuufuta. Jibu lako sikuligusa. Hilo bado unalo mdomoni.

Dua ya msafiri ninaijua. Nitaisoma mimi, hapo mlangoni, kwa sauti, mbele ya majirani, na mwenye kuona mwanamke hafai kuisomea safari ya bintiye na azibe masikio. Mungu hakuniuliza nimesomea wapi. Katika dua yangu sitataja unakwenda kusoma nini. Halafu tutakwenda bandarini, na pale getini watakuwepo wote: majirani, walimu wako, watoto wa shangazi yako, na wale wanaokuja kutazama tu nani anaondoka na kwa nini. Mmoja wao atakuuliza. Pengine atakuwa ametumwa na mzee mwenyewe.

Mimi nitakuwa nimesimama ubavuni pako, nimeshika kikapu. Sitakujibia. Ukisema uhazili, sitakusuta, nitakubebea kikapu chako mpaka ngazini na nitakuandikia kila mwezi. Lakini ukisema lile jingine, liseme kwa sauti, mwanangu. Winchi za pale hupiga kelele sana, na mimi nataka walisikie mpaka wa nyuma.

Mama yako,
Fatu binti Hamisi